Lango Linalonusa Moshi

Mwanamke aliingia maabara yangu bila kubisha hodi. Alikuwa amebeba sufuria kubwa iliyofungwa mfuniko kwa kitambaa, na nyuma yake mlinzi alikuwa akimkimbilia huku koti la mvua likimpigapiga miguuni.

"Nimemwambia chakula hakiruhusiwi huku!" mlinzi alilalamika, akihema.

"Nani kakwambia ni chakula?" Mwanamke akaitua sufuria mezani, karibu kabisa na darubini yangu. "Daktari, mwaghonile," alinisalimu kwa Kinyakyusa. "Wewe ndiye unayefuga mapafu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuiita kazi yangu hivyo, na mimi mwenyewe sikuwa na jina bora zaidi.

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Basi nitengenezee haya majani. Langoni yanapitisha, lakini yanamuua mwanangu."

Akafungua mfuniko. Harufu ya mkaratusi uliochemshwa ikapanda kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani. Macho yangu yakatoka machozi, na kifua changu, chenye pumu tangu nikiwa chekechea, kikakaza. Nilirudi nyuma hadi dirishani, nikatoa kipulizio mfukoni, nikavuta dawa, nikasubiri. Mwanamke alinitazama muda wote huo. Alipofunga sufuria yake, sauti ilikuwa imeshuka.

"Kumbe na wewe ni wa kubanwa."

"Na mimi."

"Hapo sawa," akasema, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Nilidhani nitaongea na mtu ambaye hajui."

Aliitwa Subilaga, mchuma chai wa Isumba, kijiji kilichoko juu zaidi kwenye mteremko wa Rungwe, ambako mvua ikikosa siku mbili watu huulizana kuna nini. Binti yake, Atuganile, alikuwa darasa la saba. Habari yake ilikuwa habari ya lango.

Malango yalikuja baada ya Homa ya Kipupwe, mwaka ule ambao kila ukoo wilayani kwetu ulizika mtu. Ni fremu ya chuma mlangoni mwa kila jengo la umma. Unapuliza kwenye kikombe, taa inawaka. Kijani, unapita. Nyekundu, unarudi nyumbani wiki tatu. Watu waliyapokea kwa shangwe, na sikuwalaumu. Mtu aliyezika hachagui sana anachopewa kumlinda.

"Atu anasomwa mwekundu toka kipupwe kianze," Subilaga alisema. "Hana mafua, hana homa. Ana pumu yake tu. Wenzake wa pumu nao vilevile. Basi kina mama tukagundua. Ukimfukiza mtoto alfajiri kwa mkaratusi, shuka gubigubi, ukampeleka langoni kifua bado kina mvuke, anapita kijani. Tunaita kupika. Watoto wenyewe wanataniana pale kwenye foleni, 'We Atu, leo umeiva?'"

Alicheka. Kicheko kikaisha ghafla.

"Juzi aliiva kupita kiasi. Alipita kijani, akaanguka kabla hajafika kwenye dawati. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau. Na wiki ijayo ana mtihani wa kumaliza shule."

"Hapati dawa ya kuzuia? Ile ya kuvuta kila siku, hata akiwa mzima?"

"Zahanati wana ile ya kuokoa, akishabanwa. Ya kila siku wanasema iko kwenye mpango." Alininyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye mpango. "Lango nalo lilikuwa kwenye mpango, daktari. Mbona lilifika?"

*

Kuna hasira inayochemka na kumwagika, na kuna ile inayotulia chini kama mashapo. Yangu ilianza kwa aina ya kwanza. Subilaga alipoondoka, nilikwenda stoo ya taasisi, nikachukua kichwa cha lango, kile chenye kikombe na taa, kilichobaki toka siku za majaribio, nikakifunga kwenye meza yangu.

Hayo aliyoyaita mapafu ni kuta ndogo za njia ya hewa. Watu waliojitolea huniruhusu kukwangua pua zao kidogo kwa brashi. Seli zile nazipanda juu ya utando mwembamba, chini chakula, juu hewa. Baada ya majuma zinaota vinyweleo vinavyopepea pamoja kama shamba la ngano, na zinatoa ute, kama zilivyofanya ndani ya mwenyewe. Nusu ya kuta zangu zilitoka kwa watu wa pumu, na za kwangu zikiwemo. Nikizitia kirusi cha mafua, naona kisa chote. Ukuta wa mtu asiye na pumu hupiga kengele mapema, seli zikaambizana kuna mgeni, milango ikafungwa. Ukuta wa mwenye pumu huchelewa. Kirusi hupata nafasi ya kuzaliana, na kengele inapolia hatimaye, hulia kwa kishindo, ukuta ukavimba mpaka hewa ikakosa njia. Kwa misimu mitatu ya mvua nilikuwa nikitafuta kitu cha kuiamsha kengele ile mapema. Na mwaka huu nilikuwa nimekipata, au nilikuwa karibu sana kukipata. Kuta zilizopewa kitu hicho zilikuwa zimeanza kuamka kwa wakati. Nilihitaji ziishi mpaka mwisho wa msimu.

Niliweka ukuta wa mwenye pumu, usio na kirusi hata kimoja, ndani ya chombo kilichofungwa. Hewa yake nikaipeleka kwenye kichwa cha lango.

Nyekundu.

Nikaweka ukuta wa mtu asiye na pumu, niliouambukiza asubuhi ileile, kirusi kikiwa ndiyo kwanza kinaanza kuzaliana.

Kijani.

Nikamwaga tone la maji ya sufuria ya Subilaga karibu na kikombe. Mafuta ya mkaratusi yakafunika utando unaonusa, na lango likawa kijani kwa kila kitu, hata kwa hewa ya ukuta uliokuwa umevimba.

Nilikaa chini. Sasa ilikuwa wazi. Lango halikuwahi kukiona kirusi. Linanusa gesi inayotolewa na njia ya hewa iliyovimba, basi. Linanusa moshi, kisha linaapa kwamba limemwona aliyewasha moto. Mwenye pumu hufuka moshi kidogo maisha yake yote, bila kumwambukiza mtu. Mgonjwa wa siku ya kwanza hana moshi bado, naye anapita, anakaa darasani, anapiga chafya. Tulikuwa tumewafukuza watoto wasio na kosa na kuukaribisha ugonjwa kwa taa ya kijani. Na mama zao, kwa upendo, walikuwa wakiwachoma vifua ili wafanane na wazima.

*

Nilipanda Isumba siku iliyofuata, nikiwa na kipulizio changu cha kuzuia, kile cha kila asubuhi, ambacho ndiyo kwanza nilikuwa nimekifungua. Mganga wa zahanati, aliyekuwa ameshampima Atuganile kifua, akaandika kiasi cha kuvuta, nikampa Subilaga kile kipulizio. Mimi na mganga tulijua kwamba dawa ile huchukua majuma kutuliza uvimbe. Mtihani ulikuwa Jumatano.

Atu alikuwa barazani, kofia ya sufi imemfika kwenye nyusi, anafanya hesabu za sehemu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo, Atu?"

"Sijambo. Wewe ndiye mwenye mapafu ya kwenye chupa?"

"Ndiye."

"Yanakohoa?"

"Hayana mdomo."

"Basi yana raha." Alifuta jibu moja, akaandika jingine. "Mama anasema na wewe unabanwa. Mbona langoni unapita?"

"Sipiti langoni. Wataalamu tuna kadi. Tunapita mlango wa pembeni."

"Ukisomwa mwekundu je?"

"Mtaalamu akisomwa mwekundu, kanuni inasema apanguzwe pua papo hapo kwa kijiti, aangaliwe kirusi chenyewe. Kama hana, anaendelea na kazi."

"Na sisi?"

"Ninyi mnarudi nyumbani."

Alinitazama kama mtu anayetazama hesabu iliyokataa kugawanyika. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama, asifukizwe tena," nilimwambia Subilaga aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni. "Tafadhali. Mara ijayo hatanyanyuka."

"Na mtihani?"

"Nitasema na wakubwa."

"Ah, wakubwa," alisema Subilaga, akairusha ndizi kwenye sufuria ileile ya majani.

"Mimi sitaki useme na wakubwa," Atu alisema. "Nataka Jumatano uje upite langoni na mimi. Utangulie wewe. Nikuone."

"Nikitangulia ndiyo utakubali kutopikwa?"

"Hata wakiniwekea shuka nitakimbia."

"Basi nitatangulia."

Lilikuwa jambo dogo. Nilimpa mkono, akaushika kwa vidole vyenye wino, akarudi kwenye sehemu zake.

*

Mkurugenzi wetu, Bwana Chogero, hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa. Alizika mke wake katika Homa ya Kipupwe, kabla malango hayajafika, na picha ya mkewe ilikuwa ukutani nyuma yake wakati nikimwonyesha majaribio yangu.

Alisoma yote. Akavua miwani.

"Kazi safi," akasema. "Itakwenda kwenye kikao cha robo mwaka."

"Mzee, watoto wanazuiwa sasa hivi. Mmoja karibu afe. Na lango linapitisha wagonjwa!"

"Tusajigwe, mwanangu. Ukitoka nje ukasema lango linadanganya, kesho watu watayang'oa yote. Homa ikirudi tutakuwa na nini? Watu wanayaamini. Imani nayo ni kinga."

"Imani katika kitu kinachopitisha wagonjwa si kinga. Ni mlango wazi uliochorwa picha ya kufuli."

Akarudisha miwani usoni. "Mikoa mingine inasaini mkataba wa malango mwezi ujao. Taasisi hii ndiyo iliyoyathibitisha. Subiri wasaini, tuwaletee marekebisho taratibu."

"Mtihani ni Jumatano."

"Mtihani upo kila mwaka."

Kila mwaka! Mtoto wa Isumba haachwi arudie darasa kama mtu aliyekosa basi akasubiri jingine. Akikosa mtihani, kesho yake anapewa kikapu cha kuchumia chai, na kikapu hakina kikao cha robo mwaka. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele ya mtu aliyenizidi umri.

Hakunijibu kwa ukali. Alinijibu kwa kanuni.

"Nimesikia unataka kwenda kupuliza kule. Umekaa siku ngapi bila dawa yako ya asubuhi? Utasomwa mwekundu. Mfumo utaizima kadi yako palepale, na chumba chochote ulichofanyia kazi kitajifunga na kupuliziwa mvuke wa kuua vijidudu. Kanuni inataja kijiti, lakini mfumo hausubiri majibu yake. Hausubiri mimi. Unajua mvuke ule unaua nini."

Nilijua. Unaua kila seli iliyo hai.

"Mtoto mmoja," akasema polepole, "dhidi ya dawa inayoweza kuwafaa maelfu. Wewe ni mwanasayansi. Pima."

Nilirudi maabara, nikapima. Nilizilisha kuta zangu moja baada ya nyingine, nikaziangalia kwa darubini zikipepea. Zilikuwa nzuri mno. Chupa ya maji ya mkaratusi niliyoyabakiza kwa majaribio ilikuwa bado kwenye rafu, nami nikajikuta nimeishika. Ningeweza kujipika. Kidogo tu, nusu kikombe cha mvuke, nipite kijani mbele ya Atu, ahadi itimie, na kuta zangu ziishi. Nani angejua?

Yule mtoto angejua. Angeinusa harufu kabla sijafika kwenye kikombe, angeijua kama anavyoijua harufu ya shuka lake. Na angejifunza kwamba hata aliyejua ukweli, alipofika langoni, aliiva kama wengine.

Nikaimwaga chupa kwenye sinki, dirisha likiwa wazi. Kisha nikaandika matokeo ya majaribio yangu yote, ya lango na ya kengele, nikayatuma kwa kila mtafiti wa mapafu niliyemfahamu, nchini na nje. Karatasi zingebaki. Lakini karatasi hazipepei. Mtu mwingine angelazimika kuanza upya kukwangua pua.

*

Jumatano manyunyu yalikuwa yakishuka Isumba kana kwamba yametumwa. Watoto wa darasa la saba walijipanga mbele ya lango, sweta za kijani, kofia za sufi, penseli mkononi. Wachache walitoa harufu ya mkaratusi. Mmoja alimtania mwenzake, "Wewe bado mbichi, rudi jikoni!" wakacheka, na katikati ya kicheko nilisikia ule mluzi mwembamba wa kifua ninaoujua kuliko sauti yangu mwenyewe.

Atu alikuwa mwisho. Hakuwa na harufu yoyote. Mama yake alisimama kando ya uzio na sufuria yake.

"Umekuja," Atu alisema.

"Nilisema nitakuja."

Bwana Afya wa kata, kijana aliyeitwa Lusajo, alikuja mbio. "Daktari, mlango wa pembeni uko kule."

"Najua uliko."

Kifua changu kilikuwa kimebana tangu alfajiri. Niligusisha kadi yangu kwenye lango, nikainama kwenye kikombe, nikapuliza.

Taa ikawaka nyekundu. King'ora kikalia. Mtoto mmoja kwenye foleni akapiga kelele kwa mshangao wa kweli, "Daktari hajapikwa!"

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Sikuhitaji kuitoa, lakini niliitoa. *Chumba cha utafiti kimefungwa. Usafishaji umeanza.* Niliziona akilini zikiendelea kupepea, kisha zikipunguza, kisha basi. Nilivuta kipulizio changu cha kuokoa, nikashika nguzo ya lango mpaka dunia ikatulia.

"Nipanguze," nilimwambia Lusajo. "Mimi ni mtaalamu. Kanuni."

Alifungua sanduku la vijiti. Aliniingizia kijiti puani, akakitia kwenye kisomeo chake, tukasubiri sote, watoto, wazazi, mwalimu mkuu Gwamaka aliyetoka na mwavuli.

"Hana kirusi," Lusajo alisema.

"Sema kwa sauti."

"Hana kirusi!"

"Lango limesema ninacho. Sasa mpanguze huyu."

Atu alikuwa ameshatoka nyuma ya foleni na kupuliza. Nyekundu. Alisimama ameikumbatia rula yake.

"Dada daktari, vijiti hivi ni vya wataalamu," Lusajo alinong'ona. "Nitafukuzwa kazi."

"Kwani pua ya mtaalamu imetengenezwa na nini?" Subilaga aliuliza kutoka kwenye uzio. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Hebu tusomee hiyo kanuni, mwanangu. Inasema wataalamu tu?"

Lusajo akaisoma kwenye mfuniko wa sanduku. "Inasema wataalamu, na watu ambao shughuli ya siku hiyo haiwezi kufanyika bila wao."

"Haya. Leo hapa shughuli gani? Na nani asipokuwepo haifanyiki?"

Lusajo akaitazama foleni ya watahiniwa. Kisha Lusajo akachukua kijiti kipya, akapiga goti kwenye tope ili alingane na mtoto.

"Inua uso, Atu. Itakutekenya tu."

Hakuwa na kirusi. Akapita.

Waliosomwa wekundu wakaanza kupanga foleni nyingine mbele ya Lusajo. Hata waliokwisha kupikwa na kupita kijani, wawili kati yao walirudi nje wakitaka kupanguzwa, wakijifuta mafuta ya mkaratusi usoni kwa mikono ya sweta. Vijiti viliisha kabla ya foleni. Mwalimu Gwamaka alitazama waliobaki, akatazama saa, akatazama turubai la kupokelea chai lililokuwa ng'ambo ya uwanja.

"Kanuni inazuia majengo," alisema, kama anayejisomea. "Turubai si jengo. Toeni madawati!"

Wazazi wakayabeba. Msimamizi wa mtihani alipinga, kisha akaomba mwavuli.

Mimi sikuweza kuingia popote. Kanuni inakitambua kijiti, lakini mfumo uliozima kadi yangu haukitambui: nilikuwa nje ya kila mlango wa umma kwa wiki tatu, na baada ya hapo sikujua kama nina kazi. Nilikwenda kusimama kwenye uzio. Subilaga alinisogezea jiwe kwa mguu wake, nikakaa. Akafungua kitambaa cha sufuria. Ndani zilikuwa ndizi na maharage, bado za moto.

"Nilimpikia Atu za kula akitoka," alisema. "Ni nyingi." Akanipakulia kwenye mfuniko. "Yale mapafu yako?"

"Yamekufa."

Aliniwekea ndizi nyingine juu ya zile, akakaa karibu nami, bega kwa bega, akinikinga na upande unaotoka manyunyu.

"Ndaga," nilimshukuru.

Dirisha la darasa lilikuwa wazi, kama nilivyowasihi waliache. Atu alikuwa ameketi karibu nalo. Alikohoa mara moja, na mama yake akaacha kutafuna, nami nikaacha kupumua. Akavuta hewa. Akafuta jibu moja, akaandika jingine.